Adui Akigeuka, Je, Ahadi Yabaki?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha kutimiza ahadi, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, aliyeitwa Mwaminifu hata na wale waliompinga.

Ama baada ya hayo: ni jambo linalojulikana kwa mkubwa na mdogo kwamba ahadi ni deni, wala hapana haja ya kuandika kijitabu kulithibitisha. Lakini ndani ya jambo hili iko mas'ala ambayo watu huipita juu juu, nayo ni hii: watu wawili, au miji miwili, au dola mbili, wakiahidiana kusaidiana vitani kwa ajili ya adui fulani, kisha adui yule akaondoka, au akageuka sura, au akawa rafiki wa mmoja wao, je, ahadi ile yabaki, au yaanguka pamoja na sababu yake? Na akiwa mmoja yumo ndani ya ahadi kwa moyo wake wote, na wa pili amekwisha kutoka moyoni bila ya kusema, dhambi ni ya nani?

Mas'ala hii si ya wafalme peke yao. Moa ni mji mdogo, nao uko karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya. Mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wadachi katika mapatano yao ya mwaka 1886, wala wazee wa Moa na wa Vanga hawakuulizwa. Mwezi wa Januari 1915 majeshi ya dola hizo mbili yalipigana hapo Jasini, karibu na Moa, kwa sababu ya ahadi zilizofungwa Ulaya baina ya wafalme ambao hawakupata kuiona mikoko ya pwani hii. Mwenye kukaa mahali kama hapa ana haki ya kuuliza juu ya ahadi za vita. Kwani zikivunjwa yeye hulipa, na zikitimizwa hulipa vile vile.

AHADI NI ZA NAMNA MBILI

Ahadi ya kwanza husimama juu ya adui. Watu husema: fulani ni adui yangu na ni adui yako, basi na tushikane mikono. Ahadi ya pili husimama juu ya haki. Watu huapa kwamba aliyedhulumiwa atasaidiwa mpaka arudishiwe haki yake, awe mdhalimu ni nani.

Mapatano ya Fudhul, yaliyofungwa Makka kabla ya Utume katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, yalikuwa ya namna hii ya pili. Mfanya biashara mmoja mgeni aliuza bidhaa yake kwa mkubwa wa Makka, akanyimwa thamani yake; ndipo watu wa koo kadhaa za Kikureishi wakakutana, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyeonewa. Mtume (s.a.w.) alihudhuria naye ni kijana, na baada ya Utume aliyasifu, akaeleza kwamba lau angeitwa kwayo katika Uislamu angeliitika. Mapatano yale hayakuchakaa, kwa kuwa hayakusimama juu ya jina la adui. Adui hufa, na dhulma haifi.

Wala isidhaniwe kwamba ahadi ya namna ya kwanza ni batili. Katika suluhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628), kabila la Khuza'a liliingia upande wa Mtume, na Banu Bakr wakaingia upande wa Makureishi. Hata ulipopita muda usiotimia miaka miwili, Banu Bakr waliwavamia Khuza'a usiku, na baadhi ya Makureishi wakawasaidia. Khuza'a, ambao hawakuwa wote Waislamu, walimwendea Mtume Madina kudai ahadi yao. Naye hakuwaambia kwamba jambo ni dogo, au kwamba safari ni ndefu, au kwamba amani na Makureishi ina faida zaidi kuliko wao. Jambo hilo ndilo lililoleta kufunguliwa kwa Makka mwaka wa 8 (630).

Na Sura ya Anfal imefundisha mambo mawili yaliyo msingi wa mas'ala hii. La kwanza, ikikhofiwa khiyana kwa watu walio na ahadi, na warudishiwe ahadi yao waziwazi, hata pande zote mbili ziwe sawa katika kujua. La pili, hata ndugu wa dini akiomba msaada, hasaidiwi juu ya watu ambao pana ahadi nao. Neno la kushika hapa ni kujua. Sheria haikusema kwamba ahadi hudumu milele, wala haikusema kwamba huanguka yenyewe mambo yakigeuka. Ilichokataza ni mmoja kuwa gizani. Basi hukumu ni hii: kugeuka kwa zamani hakuvunji ahadi, bali huwajibisha kusema.

KHABARI YA MALINDI

Mwaka 1498 alipofika Vasco da Gama katika pwani hii, Mombasa ilimwonea shaka na Malindi ikampokea. Sultani wa Malindi hakuwa mjinga. Mombasa ilikuwa jirani mwenye nguvu kuliko yeye, naye alitaka rafiki wa mbali wa kumsaidia juu ya jirani wa karibu. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Na Malindi ikaendelea kuwa rafiki yao kwa karibu miaka mia.

Kisha ikaja hatari ambayo haikuwamo katika ahadi ile. Mwaka 1589 Wazimba, jeshi la watu waliopanda kutoka pande za mto Zambezi, walifika Mombasa wakati Wareno wanapigana na Waturuki wa Mir Ali Bey. Mji ukaangamia, nao wakaielekea Malindi. Wareno waliokuwako Malindi walikuwa wachache mno. Waliouokoa mji ni Wasegeju, waliokuja kiasi cha watu 3,000 wakawapiga Wazimba hata wakaisha nguvu. Na baada ya miaka michache hao hao Wasegeju ndio walioishinda Mombasa, akapewa Sultani wa Malindi, naye akahamia huko. Baadaye Wasegeju walishuka kusini, na vizazi vyao wako hata leo katika Moa na vijiji vya pwani jirani nayo.

Hapo ndipo sababu ya ahadi ya Malindi na Wareno ilipokwisha. Adui aliyewaunganisha ameshindwa, na aliyemshinda si Mreno. Ilikuwa wajibu wakae kitako waulizane: sasa yaogopwa nini, na nani ana haki gani juu ya nani? Hawakuulizana. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Mombasa, na Sultani akaahidiwa sehemu ya tatu ya ushuru wa forodha. Ikaanza magomvi ya fedha na heshima baina ya masultani na makapteni wa Ngome. Sultani Hasan bin Ahmad aliukimbia mji akaenda bara, akauawa mwaka 1614 kwa shauri la Wareno. Mwanawe Yusuf alichukuliwa Goa naye ni mtoto, akabatizwa, akalelewa Kireno, kisha akarudishwa kutawala. Mwezi wa Agosti 1631 alirudi katika dini yake, akaingia Ngomeni, akamwua Kapteni na Wareno waliokuwamo.

Mwenye kuisoma khabari hii akitafuta siku ambayo ahadi ya Malindi ilivunjwa, hataiona. Haikuvunjwa kwa siku moja, ilioza. Mwenye nguvu aliigeuza ahadi kuwa utawala, na mnyonge akanyamaza kwa kuona haya au kwa khofu, mpaka kunyamaza kukawa hakuwezekani tena. Ndipo ikanenwa kwa panga neno ambalo lingalinenwa kwa ulimi miaka arubaini nyuma.

KHABARI YA WAMAZRUI MPAKA MOA

Jambo kama hilo liliwapata Wamazrui wa Mombasa kwa sura nyingine. Mwaka 1824, kwa kumkhofu Sayyid Said bin Sultan, walipokea bendera ya Kiingereza kutoka kwa Kapteni Owen. Lakini Owen aliahidi jambo ambalo dola yake haikumpa mamlaka ya kuliahidi. Na dola hiyo ilikuwa na urafiki wake na Sayyid Said, na mkataba uliofungwa naye mwaka 1822. Mwaka 1826 bendera iliteremshwa, na mwaka 1837 Mombasa ikaingia mkononi mwa Sayyid. Hapa kosa lilikuwa mlangoni: aliyeahidi hakuwa na idhini, na aliyepokea hakuuliza idhini ya nani.

Khabari iliyo karibu zaidi na watu wa Moa ni ya Mbaruk bin Rashid wa Gasi. Huyu alipigana na masayyid wa Unguja mara nyingi. Ilipokuja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888, alipatana nayo, akawa hupokea kwake posho. Adui yake wa zamani ni yule yule, na Kampuni ilisimama baina yao. Basi ahadi ikamfaa.

Mwaka 1895 zamani ziligeuka kwa mwezi baada ya mwezi. Liwali wa Takaungu alikufa. Waingereza wakampendelea Rashid bin Salim, na jamaa yake aliyekuwa pia akiitwa Mbaruk akasema kwamba kwa ada ya ukoo haki ni yake. Huyu alishindwa, akakimbilia Gasi. Papo hapo Kampuni yenyewe ilikuwa inafunga virago vyake, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Kiingereza ilichukua nchi mahali pake. Basi Mbaruk wa Gasi akajiona ana haki mbili shingoni: ahadi aliyompa mtu ambaye sasa anaondoka, na jamaa aliyeingia nyumbani mwake kutaka himaya. Alikawia. Waingereza walitaka jawabu, naye akawapa maneno mema. Jamaa zake walitaka jawabu, nao akawapa maneno mema. Mwishowe akaingia vitani. Boma lake la Mwele lilitekwa tarehe 17 Agosti 1895. Vita vikaendelea porini, wakaletwa askari kutoka Bara Hindi. Na mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk na watu wake wengi walivuka mpaka wakaingia pande hizi za Moa na Jasini, wakaweka silaha chini mbele ya Wadachi. Gavana wa Kidachi, Wissmann, aliwapokea wala hakuwatoa. Mbaruk alikaa Dar es Salaam ugenini mpaka kufa kwake.

Wako wanaomlaumu kwamba alivunja ahadi, na wako wanaomsifu kwamba hakumtoa jamaa yake. Kila kundi lina neno. Lakini mas'ala iliyo juu yao wote ni kwamba hapakuwa na aliyesema. Kampuni ilipompa mwingine nchi haikumwita Mbaruk ikamweleza: ahadi yetu nawe imerithiwa na fulani, kwa masharti haya. Mwenye kuacha mali kwa mrithi huacha na madeni; mrithi akichukua mali na kunyamaza juu ya deni, anadhulumu. Na Mbaruk naye hakuwaambia Waingereza siku ya kwanza: huyu ni jamaa yangu, simtoi, chukueni ahadi yenu. Lau angalisema hivyo, huenda vita vingalikuja vile vile. Lakini visingalikuja na tuhuma ya khiyana, na wanawake na watoto wa Gasi wangalipata muda wa kujitayarisha.

KHABARI YA ZAMA HIZI

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya kale. Mwaka 1949 dola za Magharibi zilifunga muungano wa NATO kwa kuwakhofu Warusi wa Sovieti. Mwaka 1991 Sovieti ilivunjika, na muungano ukabaki, ukaongeza wanachama. Sharti lake kubwa, kwamba kumpiga mmoja ni kuwapiga wote, lilitumiwa mara moja tu, nayo ni baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 huko Marekani. Na muungano uliofungwa kwa ajili ya kulinda Ulaya ukapeleka askari Afghanistan mpaka mwaka 2021. Hata dola zenye waandishi na mabunge huona taabu kuulizana: sasa yaogopwa nini?

Na Tanzania yenyewe imo katika mtihani huu. Mwezi wa Agosti 2003, hapo Dar es Salaam, nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, iitwayo SADC, zilitia sahihi mkataba wa kulindana. Congo ni mwanachama wa Jumuiya hiyo. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Umoja wa Mataifa, walisaidia kulishinda kundi la M23 mashariki mwa Congo. Lakini kundi hilo lilirudi vitani, nalo lina nguvu kuliko kwanza. Na mwaka 2022 Congo iliingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Rwanda imo tangu mwaka 2007. Na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inalisaidia kundi la M23, nayo Rwanda inakanusha. Basi Tanzania ikajikuta ina ahadi na Congo katika jumuiya mbili, na ina ujirani na ahadi na Rwanda katika mojawapo.

Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliingia Congo mwezi wa Novemba 2022, likatoka Desemba 2023, kwa kuwa Congo ilitaka lipigane na lenyewe lilijiona limekuja kusimama kati. Likaingia jeshi la SADC, la askari wa nchi zile zile tatu. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ulianguka, askari wa muungano wakafa, na waliobaki wakazuiliwa katika kambi zao. Tarehe 8 Februari 2025 jumuiya zote mbili zilikutana pamoja Dar es Salaam, na tarehe 13 Machi SADC ikamaliza kazi ya jeshi lake. Askari wale walitoka kwa njia ya nchi ya Rwanda.

Na alipime jambo hili msomaji kwa mizani iliyotangulia. Neno moja, kulinda, lilifahamiwa na Congo kuwa ni kupiga, na wengine wakalifahamu kuwa ni kuzuia. Mkutano wa pamoja wa Februari ulikuwa jambo jema, bali ulikuja baada ya mji kuanguka. Lau wenye ahadi hizo mbili wangalikaa pamoja kabla ya askari wa kwanza kupanda ndege, kila mmoja angalijua mwenziwe ameingia kwa kiasi gani.

MAJAWABU KWA WENYE KUPINGA

Akisema msemaji: vita ni hila, na mwenye kuzungumza juu ya udhaifu wa muungano humfundisha adui. Ataambiwa: hila imeruhusiwa juu ya adui, haikuruhusiwa juu ya mwenye ahadi. Wala hapana aliyesema kwamba maneno hayo yasemwe sokoni. Na adui mara nyingi huujua udhaifu huo kabla ya rafiki. Asiyejua ni yule aliyeko mstari wa mbele akingoja msaada usiokuja.

Akisema: mnyonge hana ulimi, akiuliza ataachwa. Ataambiwa: hili ni neno zito, wala halirudishwi kwa wepesi. Yumkini mnyonge akinyamaza atapata mwaka mmoja wa salama ambao asingaliupata kwa kuuliza. Lakini na aitazame Malindi. Kimya chake kilimnunulia muda Sultani wa siku zile, na thamani yake akaja kulipa mjukuu. Mwenye kuachwa leo, akajua ameachwa, aweza kutafuta suluhu na jirani yake. Mwenye kuachwa asijue, hukataa suluhu kwa kumtegemea mtu ambaye hayupo. Na huyu wa pili ndiye aliyeangamia katika kila khabari iliyotajwa.

Akisema: ahadi za dola ni kazi ya wakubwa, mvuvi wa Moa ana nini nazo? Ataambiwa: askari ni mtoto wa mtu. Deni lililokopwa kwa jina la nyumba hulipwa na wote waliomo nyumbani, basi wana haki ya kujua limekopwa kwa nani, kwa ajili ya nini, na litakwisha lini. Na mkubwa asiyewaambia watu wake mpaka wa ahadi yake, hatawaambia wenziwe pia.

MUHTASARI

Wavuvi walioshirikiana kujenga uzio wa kuvulia samaki huusimamisha kwa kuufuata mkondo. Mkondo ukigeuka, mwenye akili hang'oi miti yake usiku akawaachia wenziwe tundu. Wala hakai akiungojea mkondo wa mwaka jana. Huwaita wenziwe, maji yakiwa yametoka, wakatazama pamoja, wakahamisha miti au wakagawana na kila mtu akaenda zake kwa amani. Hayo ndiyo yapasayo katika ahadi za vita.

Basi mwenye kuingia katika ahadi hiyo na aulize mambo manne. La kwanza: anayeahidi ana mamlaka ya kuahidi? La pili: kinachoogopwa ni nini, nacho kitajwe kwa jina lake. La tatu: msaada ni wa kiasi gani, na mwisho wake ni wapi? La nne: atakayetaka kutoka atatokaje, na atamwambia nani kabla ya kutoka? Na kila yanapogeuka mambo, maswali hayo yarudiwe, kwani jawabu la jana si jawabu la leo. Ahadi iliyojengwa juu ya haki haitaogopa maswali haya. Na ile iliyojengwa juu ya khofu peke yake, heri ianguke mchana mbele ya macho ya wote kuliko kuanguka usiku juu ya kichwa cha aliyelala akiitegemea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuliko taufiki.